Waya wa Akiba na Spika

Muyinga, Jumapili

...na mume wangu Désiré bado amenuna, eti nimemcheka mbele ya mama yake. Nisicheke vipi? Fundi wa Gitega alituachia kwenye boti yetu waya mmoja wa akiba, wa kuongezea kifaa. Nikamwambia Désiré aunganishe pampu ya kutoa maji. Akaunganisha spika, eti safari bila muziki ni matanga.

Leo katikati ya mto Ruvubu maji yakaingia. Tunayachota kwa sufuria, kwaya inapaza sauti kwenye spika. Mama mkwe akamwambia, "Mwanangu, zima hiyo, tuzame kwa utulivu."

Ndipo Désiré akaung'oa waya kwenye spika, akauunga kwenye pampu. Maji yakapungua, tukafika.

Nacheka, lakini tungezama kweli. Sijui kuogelea. Wala yeye hajui.