Funda la Maji

Ijumaa, 25 Jamadi Awali (kalenda ya Fatehali inasema 28 Julai 1905)

Fatehali kafunga duka. Yeye na mkewe Nargis wanakimbilia Dar es Salaam, maana huko Umatumbi maduka yanachomwa na hapa Mahege hakuna ajuaye kesho. Nargis kalia, nami nikalia, kisha tukaangua kicheko kwa sababu punda alikuwa anautafuna mtandio wake. Kaniachia kalenda na ile chupa kubwa ya kioo waliyokuwa wakitilia achari. Haibebeki — inaingia ndoo mbili za maji. Nimeisugua kwa majivu, bado inanuka haradali.

Basi nitaandika, kwa herufi alizonifunza marehemu baba. Nargis ndiye niliyekuwa nikimwambia kila kitu. Sasa nimwambie nani? Mama anasema nijaribu kutomwambia mtu yeyote, nione itakuwaje. Mama ana mizaha.

Jumapili, 30 Julai

Seleman karudi! Mdogo wangu, aliyechukuliwa na akida kulima pamba ya serikali. Kaja asubuhi na kikapu kichwani, kajifanya muuza samaki. Nusura nimwulize bei.

Wameing'oa pamba, yeye na wenzake, na mnyapara kaonjeshwa bakora yake mwenyewe. Sasa wanatafutwa. Akikamatwa ni boma la Mohoro, na Mohoro kuna kitanzi. Nimeliandika hilo neno.

Mama kampandisha darini, juu ya chumba changu, katikati ya magunia ya mpunga. Aliposhuka kanitazama mimi, si mlango, si dirisha. "Mwantum," kasema, "mdomo uliponza kichwa. Safari hii kichwa si chako." Nimeapa kwa Mungu.

Kikapuni mlikuwa na perege wanne wadogo, hawajafika kiganja, kawavua kwenye dimbwi la shamba la mpunga linalokauka. Walikuwa bado wanahema. Mama keshabandika mafuta jikoni. Nimewahi — nimewatia kwenye chupa ya achari, na mchanga, na jiwe moja.

Jumanne, 1 Agosti

Kumbe samaki nao wana mambo! Juzi wote wanne walikuwa rangi ya tope. Leo dume mmoja kageuka mweusi tititi, na mapezi yake yana ukingo mwekundu. Anawafukuza wenzake wote. Dume wa pili kapauka, kajibanza nyuma ya jiwe. Majike wawili wanaangalia tu.

Mweusi nimemwita Jumbe. Joho jeusi, wekundu juu — ni Jumbe Haruni wetu mtupu, na ile tarbushi aliyopewa na serikali. Seleman kanisikia toka darini, kacheka mpaka pumba za mpunga zikaniangukia. Kuna upenyo kwenye mbao za dari, na chupa iko chini yake hasa. Kutwa kalala kifudifudi anawatazama. Hana kazi nyingine, maskini.

Alhamisi, 3 Agosti

Wamepita wapiganaji, wana maji yao kwenye vibuyu. Wanasema ukinyunyiziwa, risasi ya Mdachi inageuka maji. Jumbe Haruni katoka kuwalaki bila tarbushi, kajifunga suke la mtama kichwani kama wao. "Mie wenu toka zamani," kawaambia.

Jumbe wa chupani anachimba shimo mchangani. Anachota mchanga kwa mdomo, anakwenda kuutema pembeni, anarudi. Sijapata kumwona mwenzake wa nje akichimba kitu.

Jumamosi, 5 Agosti

Nilimtoa Jumbe nikamweka chunguni nipate kubadili maji. Kurudi, yule wa nyuma ya jiwe keshavaa weusi! Hata wali haujaiva. Na Jumbe chunguni karudi rangi ya tope. Nikamrudisha, akafukuzwa, sasa yeye ndiye wa nyuma ya jiwe. Cheo kumbe si cha samaki, ni cha shimo.

Asubuhi hiyo hiyo askari walipita barabarani. Suke la mtama halikuonekana, tarbushi ikarudi kichwani.

Nami nikaenda kisimani nikasema, "Jumbe leo kapauka, kajificha nyuma ya jiwe." Nilikuwa nasema samaki. Wallahi nilikuwa nasema samaki! Wanawake wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Kufika adhuhuri, Jumbe Haruni keshaambiwa.

Jumapili, 6 Agosti

Mama hakunisemesha jana kutwa. Leo kaniletea kata ya maji. Nitie funda mdomoni, nisimeze wala nisiteme mpaka mgeni aondoke. Anasema ndiyo dawa bibi yake aliyowapa mabinti wenye maneno mengi. Wenzangu wanapewa maji ya kuzuia risasi. Mimi napewa ya kuzuia maneno.

Nimejaribu alipokuja jirani yetu Mwanajuma. Kaniuliza jino lipi linaniuma.

Jioni Seleman kanong'ona toka juu kwamba jike mmoja kataga mayai shimoni, dume akizunguka naye, halafu yule jike kageuka kayala yote. Mama gani huyu? Nimemkasirikia kweli. Nimempa punje za wali, kazikataa. Si ajabu, kashiba wanawe.

Jumamosi, 12 Agosti

Jike bado hali. Shavu limemvimba, kidevu kimeshuka, anatafuna kitu kisichokwisha. Nadhani ni ugonjwa, au dhambi. Nimemtia bizari kidogo majini. Seleman anasema nimwache.

Seleman naye kakonda. Vumbi la mpunga linamkaba, anakohoa ndani ya mto. Kila akikohoa, mama anatwanga kinu kitupu. Majirani wanashangaa nyumba ya watu wawili inakula unga kiasi gani.

Jumamosi, 19 Agosti

Nimewaona! Jike kafungua mdomo, vikatoka vitoto, vidogo kama mbegu za ufuta vyenye macho, vingi sana. Nikanyoosha mkono wangu juu ya chupa — vikarudi vyote kinywani mwake kwa mara moja, mdomo ukafungwa, kimya. Kumbe hakuwala! Siku zote hizi alikuwa amewabeba, na hakula ili asije akawameza.

Nimelia. Nilimtukana bure, na bizari nikamtilia. Seleman juu kasema polepole, "Dada, nimekuchosha." Nikamwambia anyamaze. Mimi! Mimi kumwambia mtu anyamaze.

Jumanne, 22 Agosti

Naandika kwa sababu mdomo umejaa.

Jumbe Haruni kaja, joho, tarbushi, na askari wawili wageni. Wameambiwa waliong'oa pamba wamekimbilia pande hizi. Mama alipowaona njiapanda kanipa kata, kanisukuma chumbani. Kinu hakiwezi kutwangwa sasa, wageni wako barazani. Seleman juu hapumui.

Jumbe kapiga hodi mlangoni mwangu, askari kawaacha na kahawa. "Nasikia kuna samaki ana jina langu," kasema. Chupani mna joho jeusi na joho la tope. Nikamwonyesha kwa kidole. Kainama. Kivuli cha tarbushi kikaanguka majini, na vile vitoto — fyuu! — vyote kinywani.

Kafurahi kama mtoto, yule mzee. "Wamekwenda wapi?" kaniuliza.

Nikaelekeza kidole kwa jike. Kamtazama jike, mashavu yake. Kisha kanitazama mimi, mashavu yangu. Kanitazama sana. Hapo ndipo pumba moja ya mpunga ilipoteremka taratibu toka darini, ikatua kwenye tarbushi yake.

Kaitoa. Kaiangalia kwenye ncha ya kidole. Hakuinua macho juu. Kaitia mfukoni mwa joho, kaenda zake barazani, na sijui kaenda kama Jumbe yupi, wa suke au wa tarbushi.

Nachungulia kwenye ufa wa mlango. Askari mrefu kasimama, anamwuliza ndani mna nani. Jumbe kaomba maji kwanza. Mama kampa kata. Juu yangu nasikia Seleman anaanza kupigana na koo lake.

Askari kamwuliza tena, kwa ukali. Jumbe kamrudishia mama kata. Mashavu yamemjaa, tarbushi imekaa upande, anamtazama askari.

Hajameza.