Redio Mbovu Chumbani Kwetu

Cheyo, Tabora
Jumanne, alasiri

Lukumani mpenzi wangu,

Asalaam aleykum, mume wangu niliyekaa naye siku tisa tu kabla ndege haijakupeleka Uholanzi. Nikiandika "mume wangu" bado nacheka peke yangu kama mwehu.

Barua yako nimeisoma mara nne. Kumbe nyaya mnazounda huko maabara zimetokana na molekuli, nyembamba kuliko unywele mara maelfu, na mkizisogezea sumaku umeme hupita vizuri zaidi! Nilimweleza mama yako hivyo hivyo. Akatangaza mtaani kwamba mwanawe anatengeneza umeme kwa sumaku. Sasa majirani wanaleta redio mbovu, naye anazipanga chumbani kwetu.

"Akirudi mwezi ujao atazitengeneza zote," anasema.

"Mama, nyaya zake hata hazionekani kwa macho."

"Ndiyo maana wamemwita yeye. Macho yake mazuri tangu mdogo."

Nilicheka, kisha nikaenda kulia jikoni. Uliniomba nimwambie kwamba jaribio mlilorudia halikutoa majibu yale ya kwanza, na kwamba utabaki mwaka mzima tena. Mara tatu nimefungua mdomo, nikaishia kuuliza kama nimmiminie chai.

Baki, mpenzi. Kazi hiyo naipenda kwa kuwa ni yako. Ila nimechoka kumtazama akikungoja. Ijumaa baada ya swala piga simu, umwambie mwenyewe. Nitakuwa nimemshika mkono.

Akupendaye hata akichoka,
Asmahani