Baba, Mkono Wangu Umevunjika

Baba,

Nakuandikia kwa mkono wa kushoto, kwa hivyo usicheke herufi hizi zinazotambaa kama kunguni. Ule wa kulia umevunjika juu ya kiwiko, katikati ya mfupa. Tulikuwa tunashusha magogo ya muhugu ya kuchongea kwenye lori pale karakana yetu ya vinyago, nikateleza, gogo likaniangukia. Nilisikia mfupa ukilia ko! nikajua yamenifika.

Nduguyo Nzioka ndiye aliyeniwahi. Unamjua, subira hana. Alichukua vibao viwili na ile mipira ya tyubu tunayofungia kinyago kikipasuka ili gundi ishike, akanifunga vile ulivyomfundisha: kaza mpaka ufa ufunge mdomo. Baba, alinikaza kama kinyago cha twiga! Jioni vidole vilikuwa vimevimba na kugeuka zambarau, nikapelekwa hospitali napiga mayowe. Daktari aliikata ile mipira kwa makasi huku akiguna. Akasema mti ukishakatwa umekufa, ufunge utakavyo, lakini mfupa unaishi kwa damu, na ukiunyima damu umeumaliza.

Plasta ilitiwa, uvimbe ukapungua, lakini eksirei ikaonyesha vipande vimepishana. Sasa daktari anataka kunipasua. Si mkono wote. Kuna mshipa wa fahamu unaouzunguka mfupa huo, na ukiguswa vibaya kiganja kinalegea, hakiinuki. Kwa hiyo atatoboa tundu dogo juu ya kiwiko, apitishe vyuma vyembamba ndani ya mfupa kuelekea begani, akivifuata kwenye mashine ya eksirei. Nikikataa, mfupa unaweza kugoma kuunga, na tezo ya kuchongea sitashika tena.

Lakini wewe uliingia chumba cha upasuaji kwa ajili ya tumbo, ukatuambia, "Narudi sasa hivi." Hukurudi. Tangu siku hiyo Mama ameapa kisu hakitamgusa mtu wa nyumba yake. Nilipomweleza habari ya tundu akasema, "Tobo ni tobo." Kesho yake, alipokwenda sokoni, akanifungia kufuli kwa nje.

Mwanamume mzima, Baba, nimefungiwa chumbani hapa mtaani Shauri Moyo! Nanusa nyama inayochomwa soko la Burma na sili. Navalishwa suruali, nalishwa ugali tonge kwa tonge. Otieno wa mlango wa pili alichungulia dirishani akanicheka: "Niaje buda, umefungiwa ka kuku ya Krismasi?" Nilicheka naye. Alipoondoka nikalia. Ningepiga kelele majirani wangevunja kufuli, lakini Mama ningempitaje? Nikitoka namuua kwa hofu, nikikaa napoteza mkono, na bila mkono huu sijui mimi ni nani.

Juzi mchana Mama alikuwa anatia lastiki mpya kwenye sketi yake ya kanisa. Alifumua nyuzi chache tu pale kiunoni, akaichomeka lastiki kwenye pini, akaisukuma ndani polepole huku akiipapasa kwa nje na vidole, mpaka ikazunguka kiuno chote. Nikamwambia, "Mama, ndivyo atakavyofanya. Hatafumua sketi nzima."

Akaacha kushona.  Akaikunja ile sketi, akainuka kwenda kupika.

Leo asubuhi alikwenda sokoni akauacha mlango wazi. Mimi nikabaki palepale kitandani, sikujua hata niende wapi. Aliporudi alichemsha maji akaniosha, akasema tu, "Nitaenda nawe hospitali, mpaka kwenye benchi la nje ya chumba cha upasuaji." Akanivalisha suruali mbele nyuma, akaivua, akaanza upya. Mimi pia naogopa, Baba. Naogopa sana.

Kesho naingia. Nakuaga leo kwa sababu asubuhi sitaki Mama anione nalia. Nakuahidi mkono ukipona nitakuja Wamunyu, nilipalilie kaburi lako mimi mwenyewe, na yule kifaru wa mti uliyemwacha nusu nitamchonga miguu.

Ila nina ombi. Wakinilaza pale, na ile dawa ikinichukua, huenda nikakuita. Najijua, nitakuita. Tafadhali, Baba, usiitike. Mama ananingoja kwenye benchi.

Mwanao,
Kioko