Nyuma Yangu Hakuna Mtu

Jumatatu, 6 Mei 1991
Shule, kisha mazoezi ya raga. Chaki imeniponyoka tena ubaoni. Darasa la sita wakacheka. Mkono wa kushoto, na ndio ninaoandikia, una ganzi tangu Ijumaa. Ni shingo hii. Miaka yote ya skramu, timu mbili zimeinama na kufungana mabega, kichwa changu kati ya vichwa viwili, wanane wanasukuma huku, wanane kule. Sijamwambia mtu. Mke wangu Nekesa anajua, maana nimevunja hata kikombe.

Alhamisi, 9 Mei
Kocha amekuja Kabuchai mwenyewe kutoka Kitale. Ati timu ya taifa ina watu watatu wa mstari wa mbele kushoto, lakini wa kulia ni mimi peke yangu. "Mwalimu, ukiumia wewe, tumeisha." Anataka nifundishe mtu wa akiba nyuma yangu. Nikasema sawa. Sikupenda.
Mtu mwenyewe ni Wafula, anapakia miwa hapa kwetu. Shingo kama gogo. Skramu hajui kitu.

Jumapili, 12 Mei
Baada ya kanisa, uwanjani. Wafula anajisifu yeye husukuma trela ya miwa ikikwama matopeni. Nikamwambia trela haikusukumi wewe. Nikaingia upande wa kushoto, nikamwinua kama debe tupu. Akaanguka kifudifudi. Akacheka, bana! Akaomba tena. Na tena. Nimerudi na hasira. Anashika haraka.

Jumatano, 22 Mei
Leo hakuinuka. Nimejaribu kila ujanja. Miguu chini, mgongo sawa, kimya. Nikamwambia bado hajaiva. Uongo mtupu. Jezi yangu sitaki kuiacha, basi. Mechi ni mwezi ujao Nairobi.

Jumamosi, 1 Juni
Kitale, mchujo. Kocha akaniweka kushoto, uso kwa uso na Wafula, ampime. Skramu ya kwanza, hakuna aliyesogea. Ya pili, mkono ukafa. Vidole vikaachia jezi yake. Nikaanza kuzama, na watu wote wale nyuma yangu wanasukuma. Niliona kaburi.
Wafula angesukuma tu, nafasi iwe yake. Hakusukuma. Alinishika kwapani akanibeba hapo hapo mpaka filimbi. Akaninong'oneza, "Mwalimu, ni mkono?"
Kocha hakuona kitu. Jioni akasoma majina. Kulia, mimi. Wafula akaja kunipa hongera. Hajamwambia mtu.

Jumapili, 2 Juni
Nimemfuata kocha asubuhi kabla ya kanisa. Nikamwambia yote: mkono, shingo, skramu ya jana. Akafoka. Kisha akakaa chini. "Na nyuma ya Wafula sasa ni nani?" Nikasema hakuna, tutatafuta, nitafundisha mwingine. Nimelia njia nzima kurudi Kabuchai. Sioni haya.

Jumamosi, 22 Juni
Naandika kwa mkono wa kulia. Mwandiko mbaya kushinda wa darasa la kwanza.
Mechi nimeisikiliza redioni, Wafula akicheza kulia. Tumefungwa. Mtangazaji alipiga kelele juu ya mbio, mateke, matope, hata mbwa aliyeingia uwanjani. Skramu hakuitaja hata mara moja. Skramu yetu ikitajwa, ujue mtu wa kulia amelala chini.
Nekesa akaniuliza, si tumefungwa, mbona nacheka? Nikamwomba chai nyingine.