Pumzi Juu ya Kioo

Kwa Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumai barua hii inakukuta mzima na kifua hakikusumbui tena. Mama aliniambia bado unashinda dukani ukitengeneza miwani ya watu, na ukiambiwa upumzike unajifanya husikii. Mimi mwili sijambo. Moyo ndio haujatulia.

Uliniuliza nifafanue kazi yangu, maana wateja wanakuuliza nawe unabaki kujiumauma. Waambie hivi: nayeyusha rangi nyekundu ndani ya plastiki ya majimaji, nadondosha tone kwenye kipande cha kioo, mashine inakizungusha, unabaki utando mwembamba kuliko unywele mara mia. Ukimulikwa unatoa mwali mwembamba. Tunautaka kwa taa ndogo kama punje ya mchele, daktari aiingize sikioni mwa mgonjwa aone ndani.

Miezi minne iliyopita utando wangu mmoja uling'aa kupita yote. Kwenye hadubini ulijaa vitundu vidogo vilivyojipanga, na ndivyo vilivyoukuza mwanga. Mkuu wa maabara alinisifu mbele ya watu, nikavimba kichwa. Niliandika hatua zote daftarini, nikatia sahihi. Nasikia wewe ulitangaza mtaa mzima, hadi kwa kinyozi.

Mwenzangu wa meza ya jirani ndiye aliyepewa kurudia hatua zile. Ametengeneza tando sitini na tatu, hazina tundu hata moja. Anaosha vioo mpaka vidole vimechubuka, na ameanza kuniuliza kama mikono yake ina kasoro. Mkuu amemwambia akishindwa tena Jumatatu, afungashe virago. Tangu hapo mlango ukigongwa nashtuka.

Baba, kosa ni langu. Siku ile niliona alama ya kidole kwenye kioo. Bila kufikiri nikakihemea, kama unavyohemea miwani kabla ya kuipangusa. Nilikuwa na haraka, sikupangusa. Nikadondosha rangi juu ya ule ukungu wa pumzi. Daftarini niliandika kwamba kioo kilikuwa kikavu.

Wiki mbili zilizopita nilijaribu tena peke yangu. Nikakihemea kioo, matone ya ukungu yakaacha vitundu vilevile. Nikanyamaza. Niliona haya kusema kwamba sifa zote zile zilitokana na mazoea ya dukani kwetu, na niliogopa zaidi kuitwa mwongo. Jana mwenzangu alinishika mkono akanishukuru kwa kumfariji. Nilitamani ardhi inimeze.

Leo nimeandika barua mbili. Nyingine ni ya mkuu. Ile haina salamu, na nitampelekea mwenyewe kabla sijaituma hii. Ikikufikia, huenda mwenye virago ni mimi. Kinyozi akikuuliza, usinifichie kosa langu. Mwambie yote.

Msalimie sana Mama, na majirani wote wanaoniulizia. Nawe tumia kitambaa chenye maji, uache kuhemea miwani ya watu kutwa nzima. Pumzi hiyo bado tunaihitaji.

Ni mimi mwanao,
Kilenzi