Hamisi Analia kwa Kiluguru

Jumatatu, 15 Julai
Hamisi kapigwa tena. Kosa: kaomba maji kwa Kiluguru. Mpira wa bomba, mgongoni. Baba akishaingia ndani ni Kiingereza tupu. Tangu akose usimamizi kiwandani kwa sababu ya usaili wa Kiingereza, anasema sisi hatutachekwa. Mimi kidato cha tatu najikongoja. Hamisi ana miaka saba, kalelewa na Bibi kijijini Kinole, huko mlimani, kashuka kuja kwetu Januari. Hata Kiswahili anakitafuta.
Nilikuwa mezani. Niliendelea kula. Mwoga mimi.

Jumatano, 17 Julai
Nimegundua kitu kibaya. Hamisi akiumia, analia kwa Kiluguru. Anamwita Bibi, anaomba msamaha, yote Kiluguru. Kwa Baba kila neno ni kosa jipya. Kwa hiyo kipigo kinazaa kipigo. Hakina mwisho. Mama kaingilia, kasukumwa, kapasuka mdomo. Mama Zai jirani kaongeza sauti ya redio.
Namchukia Baba.

Ijumaa, 19 Julai
Nyuma ya banda la kuku nimemfundisha Hamisi kulia kwa Kiingereza. Sori, dadi. Plizi, stopu. Kakariri vizuri. Kacheka: "Dada, unaongea kama redio!"

Jumamosi, 20 Julai
Haikusaidia. Pigo la kwanza tu, sori zote zikamtoka kichwani. Baba akamkaba shingo ukutani. "Inglishi! Sema kwa Inglishi!" Atasemaje amekabwa? Miguu haikugusa chini. Macho yaligeuka.
Nilichukua mchi. Nikapiga mkono wa Baba. Nikapiga tena. Mfupa ulilia kama kuni kavu. Akaanguka. Nilitaka kupiga kichwa. Naandika ukweli: nilitaka. Mama alinishika.
Hospitali Baba kasema kateleza bafuni.

Jumapili, 21 Julai
Mama alimpigia simu Mjomba. Kwa Waluguru, mjomba ndiye mwenye sauti juu ya watoto wa dada yake. Kashuka na pikipiki, matope hadi magotini. Kaitazama shingo ya Hamisi. Chai kaikataa.
"Shemeji, tulikupa mke. Hatukukupa watoto wa kuua."
Baba kwao Tabora, si Mluguru, lakini hakubisha. "Nilitaka wasome tu, shemeji. Wasije wakachekwa kama mimi." Akalia. Sikumwonea huruma. Labda kidogo.
Mjomba aliamua Hamisi arudi kwa Bibi, akaniuliza kama na mimi naenda. Nilisema nabaki. Siwezi kumwacha Mama peke yake.
Hamisi alipakiwa mbele ya Mjomba. Hakugeuka nyuma.

Alhamisi, 25 Julai
Jana jioni Mama kaongea na Hamisi kwenye simu. Kiluguru, sebuleni, kwa sauti. Anakula, anacheza, shule kaanza hukohuko. Baba alikuwa amekaa palepale.
Asubuhi kaniita. Mkono una hogo, ile plasta ngumu ya hospitali, shati liko wazi. Kasema kwa Kiswahili nimfungie vifungo. Nilianzia chini. Nilipofika cha juu, vidole vyangu viligusa koo lake. Alimeza mate.
Nikakifunga. Nikaenda kuosha vyombo.