Uwanja wa Makame, Asiyewahi Kufika Woolwich

Mjukuu wangu Rukia,

Miaka miwili hukanyagi kwangu. Birmingham si mwezini, treni zipo na miguu unayo. Hata simu zako mbio mbio, hujambo na kwaheri humo humo. Basi leo kaa kitako unisikilize. Anayeniandikia ni jirani yangu Mwajuma, maana mimi skuli sikupelekwa, na nimemwambia asilainishe neno.

Watu wa besiboli wa hapa Woolwich wamenijia na barua yako. Umewaandikia kwamba ubao wa uwanja umekosewa, uandikwe Haji, jina la babu yako, si Makame. Wataubadilisha mwisho wa mwezi. Hukuniuliza.

Unaukumbuka uwanja ule ulivyokuwa? Jaa tupu. Babu yako akitoka kufagia stesheni anapita pale, anaokota vipande vya chupa kimoja kimoja ili vijana wapate pa kuchezea. Mimi na wewe tumekaa majanini tunakula maandazi, unanieleza mchezo kwa Kiingereza, nami nakujibu kwa Kiswahili, na sote wawili hatujui kitu. Miaka yote aliyowapigia mistari ya chokaa, hadi anakufa hakujua timu inashindaje. Wakishangilia, naye anapiga makofi.

Siku walipotundika ubao wa kumshukuru babu yako, wewe ukasoma "Uwanja wa Makame", ukafura kwa hasira. Haki ulikuwa nayo. Sisi jina la pili ni la baba, wao wakadhani ndilo la ukoo. Ukataka waushushe pale pale, na babu yako akakukatiza mbele za watu: "Rukia, kaa chini. Liache." Ulilia kwenye basi njia nzima. Tangu siku ile ukawa unamwamkia kwa mbali, na mazikoni ulikuja ukaondoka hata chai hukunywa.

Hakutaka kukuaibisha, mwanangu. Makame, baba yake, alichukuliwa nyumbani kwake Unguja baada ya Mapinduzi, hakurudi. Hatukupewa maiti, hatukuoneshwa kaburi. Miaka na miaka babu yako hakulitamka jina lile hata kwangu. Siku ile ya ubao tulipofika nyumbani, akakaa na koti lake mwilini, akaniambia: "Leo nimesikia watoto wanaliita jina la baba, na hakuna aliyeogopa."

Akanikataza kukwambia. Nikamtii, na hapo nilikosea. Ungejua, usingeandika barua ile. Najua umeiandika kwa kumpenda.

Njoo Jumapili hii. Usinipitie mimi kwanza. Shuka Woolwich, nenda moja kwa moja uwanjani, uwaambie kwa mdomo wako waliache jina lilivyo. Halafu chukua kitambaa uufute ubao, ndege wameuchafua. Ukimaliza ndipo uje ule.

Bibi yako,
mjane wa Haji, mkwe wa Makame